Nywele za Mama Kwenye Ukuta wa Hoteli

Kila wanapoandika habari za mdogo wangu wa kiume, wanaanza na uongo uleule, eti alizaliwa na kalamu mkononi. Alizaliwa mikono mitupu kama sisi wengine. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga nyumba ya nne, nikiwa na miaka saba, na niliporudi mtoto alikuwa ameshatoka na analia kama mtu aliyeonewa. Siku hizi waandishi wanampigia simu kutoka nchi ambazo hata sijui ziko upande gani. Wanamuuliza alianzaje kuchora, naye anawapa majibu mafupi yaliyopigwa pasi. Mimi hawaniulizi, na labda ni afadhali.

Tulikulia kambi ya polisi hapa Kampala, upande wa Ntinda. Baba alikuwa sajini. Nyumba zetu zilikuwa vibanda vya mabati, vya duara, vyenye milango mifupi. Watu wa kambini walikuwa wakiviita "mama ingia pole", kwa sababu hata mama mwenye mimba ilibidi ainame na aingie taratibu. Ndani kitanda kimoja, pazia, na nyuma ya pazia sisi watoto. Majirani walikuwa Waacholi, Walango, Walugbara, wote wameletwa mjini na kazi ya bunduki, na kilichotuunganisha ni Kiswahili, kile cha kambini kisichojali sana kanuni. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa zamani kutoka Sudani. Mama alikuwa Mwislamu wa kushika dini kwa mikono miwili. Hakutoka nje bila gurbaba, lile vazi letu la kujizungushia, na nywele zake hazikuwahi kuonwa na mwanamume yeyote isipokuwa mumewe, ndugu zake na mwanawe. Ukitaka kuelewa yaliyotupata, shika hilo moja.

Mdogo wangu alianza na mkaa wa jikoni, akichora ukutani, kwenye mabati. Alichora mbuzi, alichora viatu vya baba, alichora afande wa kambi na tumbo lake lote. Sasa kila kambi ina siku za ukaguzi, mkubwa anapita kuangalia usafi, na nyumba chafu ilimletea baba maneno. Basi kila kulipokuwa na ukaguzi mama alinipa jivu na kitambaa, nami nikasugua. Nimesoma mahali kwamba kazi zake za utotoni "zimepotea." Hazikupotea. Nilizifuta kwa mkono huu, na yeye amekaa kizingitini ananitazama. Nikimaliza ananiambia, "Dada, hapo umeacha sikio."

Baba alitaka awe polisi. Alipomaliza shule alipelekwa mafunzoni, akakaa wiki sita, akarudi na sanduku lake la mabati kichwani. Baba hakumpiga. Alimwuliza tu, "Umefukuzwa au umetoroka?" Akasema ametoroka. Baba akavaa kofia akaenda zamu. Mwaka uliofuata baba alifariki, na kwa kuwa nyumba ya kambini ni ya kazi, mjane hupewa muda kidogo tu, tukafunga vitu tukahamia mtaa wa Nateete. Mimi nikaanza kuuza vitambaa sokoni. Yeye akaenda kwa fundi mmoja wa kuandika vibao, mzee mkali aliyemfundisha kuchora ng'ombe wa bucha, matairi ya mabanda ya kuziba pancha, na vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni.

Vile vichwa vya saluni ndivyo vilivyomtengeneza. Alikuwa anajua nywele. Mafundi wengine walipaka weusi mtupu kisha wakachora mistari juu. Yeye aliweka rangi ya udhurungi chini, bluu kidogo, halafu weusi, na ukipita mchana unaona kabisa kwamba nywele zile zimepakwa mafuta. Wanawake walisimama kuzitazama kabla ya kuingia. Mama naye alipita siku moja akitoka msikitini, akasimama, akaguna. "Angalau hawa hawana mwenyewe," akasema, akaendelea na njia yake. Nilicheka wakati ule.

Alhamisi alasiri ndiyo ilikuwa saa ya mama kuosha nywele, apate kuzisuka kwa ajili ya Ijumaa. Alikaa kwenye kigoda uani, nyuma ya uzio wa mabati, gurbaba limeshuka mabegani, nami namwagia maji kwa kopo. Zilikuwa nywele nyingi, zimeanza mvi pembeni. Alhamisi moja mdogo wangu alitoka ndani kuchota maji ya kunywa. Hakuna ubaya, ni mwanawe. Akasimama na kikombe mkononi, maji yanamwagika miguuni. Mama akamwambia, "Unywe au umwagilie mchicha, chagua moja." Akanywa, akarudi ndani.

Miezi miwili baadaye aliniita chumbani kwake akafunua turubai. Alikuwa mama. Ameinamisha kichwa, nywele zimemwagika mbele, shingo wazi, maji yanatiririka, na jua la alasiri limekaa juu ya zile mvi. Mkono ulioshika kopo ni wangu, ila mimi sionekani. Nililia. Nikamwambia, "Wallahi umempata." Hayo ndiyo maneno niliyosema. Sikusema, usiuze. Sikusema, umemwomba ruhusa? Nilikuwa mkubwa wake kwa miaka saba, nauza vitambaa vya kujifunika kila siku ya Mungu, na nilimwambia umempata.

Ile ndiyo picha iliyomtoa. Ilionyeshwa mjini, watu wakaizungumzia, hoteli moja kubwa ya Nakasero ikainunua na kuitundika ukutani pale wageni wanapopokelewa. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Wazungu, magazeti, safari. Mwanangu yule wa kuchora matairi ya pancha akawa mtu wa kuulizwa maana ya maisha. Nasema mwanangu kwa sababu nilimbeba mgongoni zaidi ya nilivyowabeba wangu.

Mama alijua kupitia harusi. Alikaa katikati ya wanawake wenzake, mmoja akatoa simu kuonyesha mambo ya kijana wetu aliyefanikiwa, simu ikapita mkono kwa mkono, ikamfikia. "Bibi, si ni wewe huyu?" Mama aliangalia, akairudisha simu kwa mwenyewe, akamaliza chakula chake. Alipofika nyumbani alivua viatu, akaniambia, "Mwambie ndugu yako, hata adui hakunivua kitambaa mbele ya watu."

Miaka tisa hakusema naye. Akija anasema salamu alaykum, mama anamwitikia, kwa sababu kuitikia salamu ni amri ya Mungu. Baada ya hapo kimya. Kila Idi mdogo wangu alipiga magoti mbele yake akasema, "Mama, niwie radhi," na mama akaangalia ukutani mpaka mwenyewe ainuke. Asiyekulia kwetu ataona ni hasira ya mwanamke mzee tu. Kwetu mtoto aliyenyimwa radhi ya mama, hata ajenge ghorofa, watu wanangojea lianguke. Na yeye aliliamini hilo kuliko sisi sote. Aliwahi kuniambia kwamba kabla ya kila onyesho anatapika. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia, "Tapika, ulichokula ni cha mama." Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha figo za mama zikachoka. Tulihangaika na hospitali mpaka daktari, mtu mpole, akatuambia tumrudishe nyumbani akae na watu wake. Mtaa wetu wote pale Nateete ulijua. Wengi pale ni Waganda, majirani wema, wanaingia asubuhi na jioni kumjulia hali, wanamwita jaja, yaani bibi. Mdogo wangu alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya mlango wa chumba kutwa nzima, anaogopa kuingia. Mimi nikijua kitu kimoja tu: mama akiondoka hivi, huyu hatashika tena brashi, na pengine hata kuishi hataishi vizuri.

Siku ya tano mdogo wangu akatoka nyumbani bila kuaga. Alirudi mchana kweupe, anashuka kwenye boda boda pale barabarani na kupita mtaa mzima kwa miguu, begani amebeba bunda la lubugo. Sasa lubugo ni ile nguo ya magome ya mti, rangi ya udongo mwekundu. Wachoraji wa mjini wanachora juu yake siku hizi, ndiyo turubai yao, na mdogo wangu alikuwa ameizoea hivyo kwa miaka. Lakini kwa Muganda lubugo ni sanda. Mauti yakitokea, hiyo ndiyo inayoingia nyumbani. Mtoto wa mgonjwa mahututi, macho mekundu, lubugo mpya begani, anaelekea kwao. Nani atauliza swali?

Jirani yetu wa kwanza alimwona akiwa anaanika nguo. Akaketi chini, akapiga ukelele. Wa pili akaupokea. Kabla mdogo wangu hajafika mlangoni, wanawake walikuwa wamefunga matumbo kwa vitambaa, kama wafanyavyo msibani, na wanakuja nyuma yake wanalia, wanaume wameanza kubeba mabenchi, na mtu amekwenda kuazima turubai la kivuli. "Kitalo, nnyabo, kitalo nnyo," yaani pole kwa msiba, mikono kumi inanishika mlangoni. Mimi nilikuwa nimetoka jikoni dakika chache tu. Nilidhani mama amekata roho nikiwa nachochea uji. Nikaanguka.

Mdogo wangu aliniruka pale chini akaingia chumbani bado amebeba lile bunda, na mimi nikatambaa nyuma yake. Mama alikuwa ameketi. Siku tatu alikuwa hajaweza kuketi. Ameshika ukingo wa kitanda, anasikiliza zile kelele za nje. Akamtazama mwanawe usoni.

"Nani amekufa?" akamwuliza.

Lilikuwa neno la kwanza kumpa katika miaka tisa. Yule naye, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, akajibu kweli yake. "Wewe, mama. Wanasema ni wewe."

Mama alicheka. Kicheko kilimgeukia kikohozi, nikamshika mgongo, akaendelea kucheka ndani ya kikohozi. Jirani akachungulia, akaona marehemu anacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Basi ikawa aibu juu ya aibu, watu wanaomba msamaha, mabenchi yanarudi. Jirani yule akaeleza habari ya lubugo na akamgombeza mdogo wangu kama mtoto wake mwenyewe: mtu mzima, umekua Kampala hii hii, hujui unachobeba? Mama akasema waacheni wale walioleta mabenchi wakae kidogo, wapewe chai, kwa sababu si kila mtu hupata kujua nani angemlilia.

Walipopungua akamgeukia tena. "Hiyo nguo ulikuwa unaileta ya nini?"

"Nikuchore, mama. Nikuchore umejifunika, na gurbaba lako, kila kitu. Hiyo ndiyo iwe picha yako."

"Na yule mwingine?"

"Yuko Nakasero."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo mimi nitakwenda kaburini nimefunikwa vizuri," akasema, "na yule atabaki amekaa kichwa wazi, kila mwenye sanduku anampitia. Sitaki picha nyingine, baba. Nenda kamfunike yule. Ukimfunika, rudi uchukue radhi yako." Akaniangalia na mimi. "Nawe nenda naye, uone kwa macho yako."

Tulikwenda kesho yake asubuhi. Mdogo wangu alibeba kisanduku cha rangi. Meneja wa hoteli alikuwa mama wa makamo aliyemheshimu sana mdogo wangu, na alipoelezwa akaenda kumpigia simu mwenye hoteli. Nilikuwa naomba akatae. Nasema kweli, niliomba akatae ili jambo liishie kwake na tusiwe na lawama. Akarudi akasema mwenye hoteli amekubali, mama ni mama, ila mchoraji atawaletea nyingine. Wakatuletea ngazi ndogo na gazeti la kutandika chini.

Nilikuwa sijawahi kuiona tangu siku ile chumbani. Miaka tisa nilikataa kuja. Nikasimama chini yake. Kule Nateete nilikuwa nimemwacha mwanamke mwenye ngozi iliyopauka, nywele zimenyonyoka kwa dawa, ambaye mkojo wake mimi ndiye ninayeupokea. Hapa yupo mama yangu, mzima, shingo ina nguvu, maji yanamteremka, na mkono wangu unamhudumia. Mdogo wangu alipanda ngazi. Alichanganya rangi. Akainua brashi mpaka karibu kabisa na nywele, na brashi ikabaki pale hewani. Mgeni mmoja alipita akiburuta sanduku lake. Brashi bado iko hewani.

Alinigeukia kutoka juu. Macho yake yalikuwa yananiuliza mimi, dada yake, mwenye kufuta. Na mimi niliyetumwa nihakikishe, niliyejua fika kilicho juu ya mizani, nikamwambia, "Shuka. Twende nyumbani."

Tulirudi kwa teksi. Hatukupanga kitu. Labda kila mmoja alikuwa anatumaini mwenzake atapata ujasiri wa kusema ukweli. Pale stendi ya Nateete mimi nikachepuka duka la dawa, yeye akatangulia. Nilipofika alikuwa ametoka chumbani, amekaa kwenye benchi lake, na hakuniangalia. Nikaingia na beseni kumwosha mama.

Nilimfuta uso, nikamfuta mikono. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umeona?"

"Nimeona, mama."

"Amenifunika?"

"Amekufunika."

"Kitambaa rangi gani?"

Mimi nauza vitambaa. Nilijibu kama ninavyomjibu mteja, bila kufikiri. "Kijani. Kile cha kukolea, kimeshuka mpaka mabegani."

Mama akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema, "Kijani kinanipendeza," na akaniambia nimwite ndugu yangu. Alipoingia, mama akamwambia apige magoti, akaniambia na mimi. Akaweka mkono mmoja kichwani kwake na mwingine kwangu. Ulikuwa mwepesi sana mkono ule. Akasema, "Nimekuwieni radhi, wanangu. Yote. Na Mungu awe radhi nanyi." Mdogo wangu alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata baba alipofariki.

Mama aliishi siku mbili zaidi, akizungumza na mwanawe mambo ya kambini, afande na tumbo lake, viatu vya baba. Alifariki asubuhi nikimshika kidole. Nilimwosha mimi na wanawake wa msikitini, tukasuka nywele chache zilizobaki mafungu matatu kama inavyotakiwa, tukamfunika.

Siku ya tatu matanga yalipoanuliwa tulibaki wawili jikoni, mimi nasugua masufuria, yeye anafuta. Alikuwa amekonda. Akasema anajua atakuja kuulizwa na Mungu kwa ule uongo, lakini angalau mama alikwenda na moyo mweupe, na kwamba alipoulizwa habari ya kitambaa, neno lilimtoka tu lenyewe, alisema cheupe kwa sababu mama alipenda kuswali na cheupe.

Nikaacha kusugua. "Alikuuliza rangi?"

"Ndiyo. Nilipoingia tu, wewe uko dukani. Nikamwambia cheupe." Akaniangalia. "Kwani wewe alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Kijani."

Aliweka chini sufuria aliyokuwa anaifuta. Nje jirani alikuwa anafagia ua wetu, Mungu ambariki, na tulimsikiliza akifagia mpaka alipomaliza.

"Alikuuliza kabla hajatupa radhi," akasema mdogo wangu, "au baada?"

"Kabla," nikamwambia.